Kuacha kamari Kampala: Kwa nini siku za mwanzo hazivukwi peke yako

Jumamosi alasiri ni saa ngumu kwa mkazi wa Kampala aliyeamua juzi kuacha kamari. Kuanzia saa tisa hivi, mechi za Ligi Kuu ya England hufuatana hadi usiku. Vibanda vya kuonyeshea mpira hujaa, na katika steji za bodaboda mazungumzo huwa ni nani amepatia na mkeka wa nani umechanika. Simu iliyo mfukoni ndiyo inayopokea malipo ya abiria, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutuma dau kwa kubonyeza mara chache. Nia ya kuacha anayo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba saa hii imekuwa nzito.

Ni hapo ambapo msaada wa wenzao, yaani watu waliokwisha kuumizwa na kamari wanaokutana ili kusaidiana kuiacha, huanza kufanya kazi. Njia hiyo haihitaji jengo wala daktari, na haina gharama kubwa. Lakini inahitaji jambo moja ambalo kwa mcheza kamari ni gumu kuliko kulipa deni: kuitoa siri nje.

Makala haya yanaeleza uraibu wa kamari ni nini, siku za mwanzo za kuuacha zikoje, vikundi vya wenzao hufanya nini hasa, na mipaka yake iko wapi.

Mchezo ulioenea mjini

Kwa Kiganda kamari huitwa zzaala, na si jambo geni nchini Uganda. Karata na kete zilichezwa barazani muda mrefu kabla ya kuwapo kwa simu za mkononi. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni ukaribu. Maduka ya kubashiri yalienea katika barabara na vitongoji, na baadaye simu ikaondoa hata haja ya kutembea hadi dukani. Huduma za kutuma pesa kwa simu, zilizoanza Uganda mwaka 2009, zilirahisisha maisha ya mamilioni ya watu, na kwa mcheza kamari zikaondoa ile nafasi ndogo ya kufikiri iliyokuwapo kati ya tamaa na dau.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 iliunda bodi ya kitaifa ya kusimamia sekta hiyo na kumkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 kushiriki. Umri huo ni mkubwa kuliko wa nchi jirani za Kenya na Tanzania, ambako kikomo ni miaka 18. Mnamo Januari 2019, David Bahati, aliyekuwa Waziri wa Nchi wa Fedha anayeshughulikia mipango, alitangaza kwamba Rais Yoweri Museveni ameagiza kampuni mpya za kubashiri michezo zisipewe leseni, na zilizopo zisihuishiwe leseni zao muda ukiisha. Hata hivyo, kubashiri hakukukoma.

Kikomo cha miaka 25 kina upande wa pili ambao wazazi na walimu wanapaswa kuufahamu. Kijana wa miaka 20 aliyenaswa na kamari anajua kwamba amekwisha kuvunja sheria. Hofu hiyo humwongezea sababu ya kunyamaza, hata pale anapotamani kusaidiwa.

Tatizo hili si la Uganda peke yake. Tume ya jarida la Lancet la afya ya umma ilikadiria, mnamo Oktoba 2024, kwamba watu wazima wapatao milioni 448.7 duniani wamo katika kiwango fulani cha hatari itokanayo na kamari, na kwamba takriban milioni 80 kati yao wana ugonjwa wa kamari au wanacheza kwa namna iliyokwisha kuwaletea matatizo.

Lini mchezo huwa ugonjwa?

Si kila anayeweka dau ni mraibu. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa kamari katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2013, madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuhamisha kutoka kundi la matatizo ya kushindwa kujizuia na kuuweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa. Ilikiri kwamba mtu anaweza kuwa mraibu pasipo kuingiza kitu chochote mwilini.

Mwongozo huo wa Marekani una dalili tisa. Mtu huhitaji kuongeza dau ili apate msisimko ule ule. Hukosa utulivu au huwa mkali anapojaribu kupunguza. Amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa. Mawazo yake hurejea kwenye kamari kila mara. Hucheza anapokuwa na huzuni au wasiwasi. Hurudi kesho kutafuta alichopoteza leo. Huwaongopea watu wake. Amehatarisha au kupoteza uhusiano, kazi au masomo. Na huwategemea wengine wamwokoe kifedha. Mtu mwenye dalili nne au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa na ugonjwa huo.

Dalili hizo hazipimi kiasi cha fedha. Mwenye gari anayepoteza shilingi milioni moja na mchuuzi anayepoteza 5,000 wanaweza kuwa na ugonjwa ule ule.

Hesabu iliyojificha ndani ya mkeka

Ili kuelewa kwa nini kuacha ni kugumu, inafaa kutazama jinsi mkeka unavyofanya kazi. Chukua mfano wa mkeka wa mechi 10, ambapo kila ubashiri una nafasi sawa ya kupatia au kukosea, na kila mechi inalipa mara 1.9 ya dau. Nafasi ya kupatia zote 10 ni moja kati ya 1,024. Aliyeweka shilingi 1,000 akishinda atapata takriban 613,000, ilhali malipo yanayolingana kweli na hatari aliyoibeba yangekuwa zaidi ya milioni moja. Tofauti hiyo ndiyo mapato ya mwenye duka.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo. Nafasi ya kukosea mechi moja tu kati ya 10 ni kubwa mara 10 kuliko nafasi ya kupatia zote. Kwa maneno mengine, kwa kila mkeka mmoja unaoshinda, mikeka 10 huchanika kwa mechi moja. Mchezaji huona hapo dalili kwamba amekaribia, kumbe ni matokeo ya kawaida ya hesabu. Utafiti wa ubongo uliochapishwa mwaka 2009 ukiongozwa na Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulionyesha kwamba kukosa kwa karibu huamsha sehemu za ubongo zile zile zinazoamshwa na ushindi, na humtia mtu hamu ya kuendelea, ingawa amepoteza.

Ndiyo maana mraibu aliyepoteza karo ya mtoto haoni kwamba mchezo umemshinda. Huona kwamba alibakiza bao moja.

Siku za mwanzo zikoje?

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kamari si pombe, kuiacha hakuna maumivu. Si kweli. Katika siku na wiki za mwanzo watu huweza kukosa usingizi, kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, kuhisi moyo ukienda mbio na kukasirishwa na mambo madogo. Mke au mume anayetarajia kuona mtu aliyetulia hukutana na mtu mkali kuliko alivyokuwa akicheza. Asipojua kwamba hali hiyo hutarajiwa na kwamba hupungua, anaweza kudhani kwamba kuacha hakujasaidia kitu.

Kisha kuna utupu. Kamari ilikuwa inajaza saa nyingi: kusoma ratiba, kulinganisha timu, kusubiri matokeo, kutafuta fedha, kutunga uongo. Saa hizo zinapobaki wazi, mawazo yaliyokuwa yamefunikwa huibuka, na la kwanza huwa ni madeni. Mtu huona kwa mara ya kwanza jumla ya alichokifanya. Wakati huo huo akili yake humletea suluhisho moja tu alilolizoea: mkeka mmoja wa mwisho, alipe kila mtu, kisha aache kabisa.

Hiyo ndiyo hatari kuu ya siku za mwanzo. Kichocheo cha kurudi hakiji kikiwa na sura ya starehe. Huja kikiwa na sura ya wajibu.

Watu wawili walipoanza kuzungumza

Chama kinachojulikana zaidi cha kusaidiana miongoni mwa wacheza kamari, Gamblers Anonymous, kilitokana na wanaume wawili waliokutana Januari 1957, wote wakiwa wameharibiwa na kamari. Waligundua kwamba wakikutana mara kwa mara na kuzungumza, hawachezi. Mkutano wa kwanza wa kikundi ulifanyika Los Angeles, Marekani, Ijumaa ya tarehe 13 Septemba mwaka huo. Waliazima utaratibu wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaoacha pombe, ambacho nacho kilianzishwa na watu wawili mwaka 1935. Chama hicho cha walevi kina mikutano hadi Kampala.

Katika kikao cha kawaida watu hukaa mduara, na kila mmoja hujitambulisha kwa jina la kwanza tu. Hakuna anayeulizwa anakofanya kazi. Mmoja husimulia jinsi alivyocheza, kilichomtokea, na anavyoishi sasa, na wengine husikiliza bila kumkatiza. Mgeni hapewi hotuba. Hupewa nafasi ya kusema akitaka, na namba za simu za watu anaoweza kuwapigia kabla hajaweka dau, si baada. Katika wiki za mwanzo hushauriwa kuhudhuria mara nyingi iwezekanavyo.

Nguvu ya kikao hicho haitokani na hekima ya pekee ya wanaohudhuria. Inatokana na ukweli kwamba hawawezi kudanganywa kwa urahisi. Ndugu anaweza kuamini kwamba fedha zimeibwa katika teksi, kwani hajawahi kutunga hadithi hiyo. Aliyewahi kuitunga mwenyewe ataitambua kabla haijafika mwisho. Na kwa kuwa naye alikuwa huko, anaweza kuikataa hadithi bila kumkataa msimulizi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kikundi humpa mgonjwa mahali pa kujifichua mwenyewe kabla ya kilio.

Kampala ni jiji kubwa, lakini steji, soko na msikiti au kanisa ni vijiji vidogo. Habari husafiri. Ndiyo maana kanuni ya kutotoa nje yaliyosemwa ndani ndiyo msingi wa kikundi. Inapovunjwa mara moja, kikundi hufa.

Ngome tatu za wiki za kwanza

Mambo yanayofanywa na wenzao katika siku za mwanzo yanaweza kupangwa katika makundi matatu: fedha, muda na simu.

La kwanza ni fedha. Mraibu hushauriwa asibaki na fedha zaidi ya mahitaji ya siku. Kwa mfanyakazi wa mshahara, jambo hilo linaweza kupangwa na mwenzi wake au benki. Kwa mtu anayelipwa kila saa, kama mwendesha bodaboda au mchuuzi wa soko la Owino, mpango lazima uwe wa kila siku: jioni anakabidhi mapato kwa mtu waliyekubaliana, anabaki na ya mafuta au mtaji wa kesho. Anayekabidhiwa hapaswi kuwa mlinzi wa kumtukana, na makubaliano yawe na muda maalumu ili mtu mzima asijione amefanywa mtoto.

La pili ni muda. Saa za hatari hujulikana mapema, kwani ratiba ya mechi hutangazwa. Badala ya kuingoja Jumamosi alasiri kwa hofu, mtu na mwenzake wa kikundi huipangia kazi: kumtembelea mgonjwa, kuosha pikipiki mbali na steji, kucheza mpira badala ya kuutazama. Wengine huona ni heri kuacha hata kutazama ligi kwa msimu mmoja. Si adhabu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mshtuko huo una maana yake.

La tatu ni simu. Akaunti za kubashiri zifungwe, na mtu aiombe kampuni imzuie asifungue nyingine. Programu zifutwe na jumbe za matangazo zizuiwe. Baadhi huhamia kwenye simu ya kitochi kwa miezi michache. Huo si ukuta kamili, kwani baadhi ya kampuni hupokea dau hata kwa namba fupi, lakini kila kizuizi humwongezea mtu dakika za kufikiri. Na dakika hizo ndizo zinazotosha kupiga simu kwa mwenzake. Tamaa ya kucheza hupanda kama wimbi, kisha hushuka. Kazi ya anayepokea simu ni kubaki upande wa pili hadi ishuke.

Deni: kwa nini kumlipia si kumsaidia

Familia nyingi, zikishagundua ukweli, hufanya jambo moja kwa upendo: huchanga na kulipa madeni yote kwa siku moja. Waliokaa muda mrefu katika vikundi hivi huonya dhidi ya hatua hiyo. Mraibu aliyefutiwa madeni kwa mkupuo hupata nafuu inayofanana na ushindi. Milango ya kukopa hufunguka upya, na kiini cha tatizo hakijaguswa.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini alipe aliyekopa, polepole na hadharani. Katika Gamblers Anonymous kuna kikao maalumu ambapo wanachama wenye uzoefu huketi na mwenzao, na mwenzi wake akikubali, baada ya wiki za mwanzo za kutocheza. Huandika kila kitu: mikopo ya simu, deni la SACCO, zamu ya nigiina aliyoila bila kuchangia, duka la jirani, kadi ya pikipiki iliyowekwa rehani. Deni linalofichwa katika karatasi hiyo ndilo litakalomrudisha kwenye kamari.

Tuseme jumla ni shilingi 1,200,000. Mhusika, akishatoa gharama ya mafuta, hubaki na 20,000 kwa siku, na chakula na kodi ya nyumba huchukua 14,000. Zinabaki 6,000. Akizitoa zote kwa wadai, atamaliza kwa siku 200 za kazi, yaani miezi minane hivi. Si habari ya kufurahisha, lakini ni habari ya kweli, na ina mwisho unaoonekana. Hatua inayofuata ni kuwaendea wadai mmoja mmoja, kabla hawajamtafuta, na kuwaeleza kiasi kidogo anachoweza kulipa bila kukosa. Mara nyingi huenda akisindikizwa.

Nigiina ina somo lake hapa. Watu wa Kampala wamezoea kuaminiana katika vikundi vidogo vya kuchangiana, vyenye siku maalumu, zamu na aibu ya kukosa. Kikundi cha wanaoacha kamari kinahitaji mambo hayo hayo isipokuwa moja: kisishike fedha. Mfuko wa pamoja mikononi mwa watu walio katika wiki zao za kwanza ni mtihani usio wa lazima.

Je, kuna ushahidi kwamba njia hii hufaa?

Jibu linahitaji uaminifu. Kwa upande wa pombe ushahidi ni mzuri: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba njia ya Alcoholics Anonymous na tiba zinazomwelekeza mtu huko zinafanya kazi sawa na tiba nyingine au zaidi katika kumfikisha mtu kwenye kuacha kabisa. Kwa kamari tafiti ni chache. Uchunguzi mmoja wa Scotland uliochapishwa mwaka 1988 uliona kwamba, kati ya wote waliofika kwenye mikutano ya Gamblers Anonymous, takriban asilimia 8 tu ndio waliokuwa wamekaa mwaka mzima bila kucheza hata mara moja.

Takwimu hiyo inaweza kuvunja moyo, na inafaa isomwe vizuri. Inawahesabu hata waliofika mara moja wakaondoka, na inamhesabu aliyeteleza siku moja sawa na aliyecheza mwaka mzima. Hata hivyo inafundisha kwamba kikundi peke yake hakitoshi kwa wengi. Tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mienendo, inayotolewa na mshauri aliyefunzwa, ina ushahidi zaidi, na viwili hivyo vinaweza kwenda pamoja.

Uganda yenyewe imeupa ulimwengu ushahidi muhimu kuhusu nguvu ya vikundi. Mwaka 2002 watafiti walifanya jaribio katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Kampala, kwa watu wenye sonona. Wenyeji walikuwa na maneno yao kwa hali hiyo, likiwamo okwekyawa, yaani kujichukia. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata vikundi, waliokuwa na sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji vingine walipungua kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Sonona si kamari, na vikundi vile viliongozwa na watu waliofunzwa, wakisimamiwa. Lakini jaribio lile lilijibu swali ambalo wengi huuliza kwa shaka: je, watu wa kawaida, wakiketi pamoja kila wiki na kusema ukweli, wanaweza kuponyana? Katika vijiji vile, jibu lilikuwa ndiyo.

Akiteleza je?

Wengi huteleza, hasa katika miezi ya mwanzo. Kinachofuata ndicho kinachotofautisha kuteleza na kurudi kabisa. Mtu aliye peke yake, akishacheza mara moja, hujiambia kwamba ameshaharibu yote, hivyo hana cha kuhifadhi. Hapo hupoteza fedha zilizobaki katika saa moja. Aliye na kikundi ana namba ya kupiga kabla ya dau la pili.

Kikundi kizuri hakimpongezi aliyeteleza wala hakimfukuzi. Humuuliza maswali ya kawaida: ilikuwa saa ngapi, fedha zilitoka wapi, nani alikuwapo, ni deni gani ulilokuwa umelificha? Majibu huonyesha ngome ipi ilikuwa na tundu. Kisha huanza kuhesabu siku upya.

Wakati wa kwenda hospitali

Kuna mambo ambayo wenzao hawapaswi kuyabeba. Kamari huambatana mara nyingi na sonona na ulevi, na mzigo wa madeni na aibu unaweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua. Hatari hiyo huwa kubwa hasa siku ukweli unapofichuka, yaani siku ile ile ambayo familia huwa na hasira zaidi. Mtu anayesema kwamba wangekuwa salama bila yeye, anayegawa vitu vyake au kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Kampala ina Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Magonjwa ya Akili ya Butabika, iliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Hospitali ya Taifa ya Mulago nayo hupokea wagonjwa wa akili. Jina la Butabika bado huwatisha watu kwa sababu ya kejeli za mitaani, lakini wahudumu wake huzifahamu tabia za uraibu, na huko huko watu waliowahi kuugua wamekuwa wakishirikishwa kuwasaidia wagonjwa wengine.

Mahali pa kuanzia

Anayekosa kikundi cha kamari karibu naye anaweza kufanya kama wale wawili wa mwaka 1957. Katika steji moja au mtaa mmoja, ni nadra mtu kuwa wa pekee aliyeumizwa. Wawili wakikubaliana mahali, siku na saa, wakaahidiana siri, wakakataa kukopeshana fedha na wakawa na mshauri au muuguzi wa kumwendea mambo yakizidi, wamekwisha kuwa kikundi.

Kwa familia, jambo la manufaa katika wiki ya kwanza si kuuliza kila saa kama mtu amecheza. Ni kufahamu ratiba ya Jumamosi, kumpa sehemu ya kuwa na kazi ya kufanya kuanzia saa tisa, na kumwachia simu afanye mazungumzo yake na mwenzake bila kusikilizwa. Mkeka wa mechi 10 una nafasi moja kati ya 1,024. Jumamosi moja isiyo na dau haihitaji bahati kiasi hicho, ila ni vigumu kuimaliza ukiwa peke yako.